Spinaka ukiwa peke yako: kupandisha naweza, kushusha ndo naomba msaada

Demani Mkononi

Wakuu habari za majukumu. Mi ni msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo imebidi nifungue mdomo mana nimetoka kuadhirishwa na tanga langu mwenyewe.

Chombo changu ni futi 31, mara nyingi natembea peke yangu. Spinaka, lile tanga jepesi la mbele la kwenda na upepo, ninayo ile ya upande mmoja, isiyo na upondo (mti wa kulitanulia), imevaa soksi, yaani mfuko mrefu wa kulifungia. Otopailoti ipo, ile mashine ya kuongoza chombo, inashika kana (mkono wa usukani). Juzi upepo ulikua noti 8 hivi (maili 8 za baharini kwa saa), bahari imelala, nikasema leo ndo leo. Nikaenda omo, kule mbele, nikapandisha soksi na tanga lake ndani, nikavuta kamba ya soksi ikapanda mpaka juu, spinaka ikafunguka paaa, chombo kikashika mbio, nikarudi kokpiti, pale pa kukaa na kuendeshea, nacheka peke yangu kama mwehu. Dakika arobaini za raha tupu. Kugeuka nyuma naona maji yamebadilika rangi, meusi yenye mikunjo mikunjo, yaani upepo huo unakuja.

Nikakimbilia omo kushusha soksi. Ule mdomo wa soksi, ile pete ngumu ya faiba, ukashuka mpaka nusu ya tanga ukagoma. Navuta haushuki, naning'inia na uzito wangu wote, kamba inaninyanyua mimi. Upepo ushafika 15. Nusu ya juu imefungwa, nusu ya chini imejaa na inayumba kushoto kulia na mlingoti unayumba nayo. Mara chombo kikageuka kidogo, lile tanga likauzunguka waya wa omo unaoshikilia mlingoti raundi tatu, juu limevimba chini limevimba katikati kiuno cha nyigu.

Nilikaa hivo saa nzima, kilichoniokoa ni upepo kukata wenyewe. Tanga lina mpasuko wa urefu wa mkono. Sa naomba wenye uzoefu mnambie, nilikosea wapi na nyie mnashushaje mkiwa peke yenu? Maana kupandisha kumbe si kazi.

Gubeti

Pole sana mkuu. "Kamba inaninyanyua mimi" nimecheka halafu nikakumbuka yangu nikaacha kucheka.

Mzee wa Jarari

Pole kijana. Kabla sijasema lolote nijibu matatu. Wakati unavuta soksi, demani ya spinaka, kamba ya pembe yake ya nyuma, ilikua imekazwa au umeilegeza? Tanga kuu lilikua juu au umelishusha? Na otopailoti uliiambia ifuate dira au ifuate upepo?

Demani Mkononi

Shikamoo mzee. Demani sikuigusa, niliiacha imefungwa kwenye winchi. Tanga kuu nilikua nimelishusha, niliona linamnyima spinaka upepo. Otopailoti ilikua inafuata dira.

Mzee wa Jarari

Marahaba. Basi umejijibu mwenyewe, yote matatu.

Soksi haina nguvu ya kulifunga tanga lililojaa, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kumeza tanga lililokwisha kufa. Kwa hiyo unaliua kwanza. Legeza demani yote mpaka tanga lipeperuke kama bendera, au legeza kamba ya pembe ya mbele, mimi napenda kulegeza ya mbele kwa sababu tanga likipoteza pembe ile halina tena umbo la kushika upepo. Ndipo unavuta soksi, na utaona inashuka kwa mkono mmoja.

Tanga kuu usilishushe. Ukiwa peke yako tanga kuu ndilo msaidizi wako wa pekee, ni ukuta. Unapotaka kushusha spinaka unageuza chombo upepo uje karibu na tezi kabisa, yaani nyuma, nyuzi (digrii) 160 hivi au 165 kuhesabu toka omo, spinaka inajikuta nyuma ya tanga kuu haina pa kupata upepo, inalegea yenyewe. Wewe uliubomoa ukuta halafu ukaenda kupigana uwanjani.

Na hilo la kujizungusha kwenye waya nalo limetokana na hapo hapo, chombo kimeshuka sana, yaani kimeupa upepo mgongo, mbele hakuna tanga jingine, spinaka inayumba huru. Wengi tunapandisha jibu (tanga la kawaida la mbele) dogo au kuacha kipande kidogo cha tanga la mbele kimefunguliwa ili pasiwe na uwazi wa spinaka kupita nyuma ya waya. Wengine wanafunga wavu wa kamba pale, kazi ni ile ile.

Nanga Nyepesi

Hapo kwenye kujizungusha niongezee. Ikishajifunga usivute chini, ukivuta unakaza. Angalia imezunguka upande gani halafu kisi, yaani geuza tezi ivuke upepo, tanga kuu lihamie upande wa pili. Upepo unaotoka kwenye tanga kuu huwa unazunguka, ndo unaoisukuma spinaka izunguke waya, sa ukihamisha tanga kuu mzunguko unageuka na mara nyingi spinaka inaanza kujifungua yenyewe raundi moja moja huku umekaa. Si kila mara ila mi imenifanyia mara mbili kati ya tatu. Hiyo ya tatu tusiizungumzie.

Bin Kana

Mzee umeuliza otopailoti ila hujafafanua, ngoja nifafanue mimi mana hapo ndo watu wanalala ubavu.

Ukiwa unakwenda na upepo, upepo unaousikia usoni sio upepo wenyewe, umepunguziwa mwendo wa chombo. Tuseme upepo halisi ni noti 15 na chombo kinakwenda 7 moja kwa moja na upepo, we pale kokpiti unasikia 8, unavaa fulana, unaona mambo laini. Sa otopailoti inafuata dira, upepo ukahama au wimbi likasukuma tezi, chombo kikapanda mpaka upepo ukawa unapiga ubavuni. Zile 7 hazitoi tena, unasikia karibu 16 na nusu. Na nguvu ya upepo kwenye tanga haiongezeki sawa na mwendo, inakwenda kwa mraba wake, upepo mara mbili nguvu mara nne. Kwa hiyo ndani ya sekunde chache tanga lile lile limebeba nguvu zaidi ya mara nne bila upepo kuongezeka hata noti moja. Ndo mana mtu anakwambia "upepo uliongezeka ghafla", hapana kaka, umegeuka wewe.

Otopailoti iambie ifuate pembe ya upepo. Upepo ukihama nayo inahama, spinaka inabaki pale pale.

Gubeti

Hapo sikubaliani kabisa na nimelipia hilo kosa. Bahari yenye mawimbi ya nyuma, kile kipima upepo kule juu ya mlingoti kinabembea kama pendulamu, kila chombo kikiinama kinasoma upepo wa uongo. Otopailoti inaukimbiza ule uongo, kushoto kulia kushoto kulia, mara ikapitiliza tanga kuu likakisi lenyewe bila kuombwa. Bumu, ule mti wa chini ya tanga kuu, ilipita juu ya kichwa changu na sauti yake naisikia mpaka leo. Mawimbi yakiwepo mi natumia dira, naangalia upepo kwa macho, na rimoti ya otopailoti iko shingoni.

Bin Kana

Sawa mawimbi nakubali, ila usiseme kabisa. Maji yakiwa yamelala ufuate upepo. Na pembe ukiiweka 145 badala ya 165 una nafasi ya makosa pande zote mbili. Wewe nadhani ulikua umeiweka chini sana.

Gubeti

170 🙂

Bin Kana

Haya basi.

Gubeti

Ila rimoti ya shingoni jamani msiidharau. Peke yako unakua omo wakati usukani uko tezi, upepo ukija unatakiwa ushushe chombo nyuzi kumi sasa hivi, sio baada ya kutambaa sitaha nzima. Kitufe kimoja. Kama otopailoti yako ina rimoti na umeiacha kabatini katafute leo.

Kapi la Juu

Mi soksi nilishaigawa. Zamani nilikua nayo, ikikwama imekwamia juu huko usikoweza kufika, na ile kamba yake ya kupandia na kushukia ikijisokota na tanga hapo ndo umekwisha. Nashusha kwa njia ya sanduku la barua, wanaiita hivo kwa sababu tanga linapenya kwenye upenyo mwembamba kama barua. Naona watu wengi wanaitaja bila kuieleza, ngoja niieleze taratibu mana kwa mtu wa peke yake sijaona ya kuishinda.

Inataka tanga kuu ambalo ukingo wake wa chini haujashonwa wala kupitishwa kwenye bumu, limefungwa ncha mbili tu, kwa hiyo kati ya tanga na ule mti kuna upenyo. Kabla hujapandisha spinaka chukua kamba nyembamba lakini ya kushikika, funga kwenye pembe ya nyuma, ile ile inayofungwa demani. Ipitishe juu ya bumu, ndani ya ule upenyo chini ya tanga kuu, mwisho wake uingie mlango wa kabini na uufunge humo. Hiyo kamba haina kazi mpaka saa ya kushusha, ilegeze tu isivute.

Saa imefika. Geuza chombo spinaka ijifiche nyuma ya tanga kuu kama mzee alivosema. Simama kwenye ngazi ya kabini, kiuno chako ndani kifua nje, na hapo ulipo jarari ya spinaka (kamba ya kulipandishia) na kamba ya pembe ya mbele ziwe zinafikika, mana kama jarari imefungwa mlingotini hii njia haiwezekani, irudishe kokpiti kwanza. Achia kamba ya pembe ya mbele, yote, iende. Tanga litapeperuka kule upande wa demani na litapiga kelele, liache lipige, kelele haziumi. Vuta ile kamba nyembamba, pembe ya nyuma inakuja, inapita kwenye upenyo, unaikamata. Sasa unakusanya ukingo wote wa chini mkononi, mkono kwa mkono, mpaka ukingo wa chini wote uko ndani ya kabini. Hapo na sio kabla ndo unaanza kuachia jarari. Iwe na raundi moja kwenye winchi ili iteremke kwa breki, mkono mmoja unaachia mwingine unavuta tanga, na kama mikono haitoshi kalia lile lililokwisha kuingia. Nasema kweli, kalia. Uzito wako unafanya kazi ya mtu wa pili.

Uzuri wake ni kwamba tanga limebanwa kati ya bumu na tanga kuu, msuguano ule unakusaidia, upepo hauwezi kulinyofoa likakimbilia majini. Na hukutoka kokpiti hata hatua moja.

Ubaya, kabini inajaa nailoni iliyolowa na ukikosea ukaachia jarari mapema utavua samaki kwa spinaka.

Tezi Njema

Kukosea huko nakujua. Tanga likiingia majini chombo kinaendelea kwenda, linajaa maji, linageuka nanga ya pembeni. Usijaribu kuvuta kwa katikati. Achia kila kitu isipokua pembe moja, maji yatoke yenyewe, halafu ndo uvute.

Mwanamaji Mvivu

Nyie wote mnateseka bure, rola! Rola ya kuanzia juu kwenda chini. Kule omo kuna ngoma yenye kamba ya duara isiyo na mwisho, ukivuta inazungusha kamba maalum ngumu isiyojisokota iliyosimama mbele ya tanga, kichwa cha spinaka kinaanza kujiviringisha kwanza kisha inashuka chini mpaka yote imekua soseji. Unafanya yote umekaa. Wale wa Vendée Globe, mtu mmoja na chombo cha futi 60 kuizunguka dunia, siku hizi matanga yao makubwa mengi yako kwenye rola, hamjiulizi kwa nini?

Kapi la Juu

Najiuliza na jibu nalo ninalo, wana winchi na kamba za nguvu ambazo sisi hatuna. Rola nzuri ila sema na upande wa pili basi. Ukianza kuviringisha tanga likiwa limejaa upepo linaviringika ovyo, juu panabaki mfuko, upepo unaingia kwenye ule mfuko na soseji inafunguka yenyewe huku iko juu mlingotini. Ikishaviringika ishushe sitahani, usiiache juu usiku kucha ukalala.

Mwanamaji Mvivu

Hilo kweli. Mi nalegeza demani, naishikilia kwa mkono mmoja iwe na mvuto kidogo tu ili viringisho likaze, na nikimaliza naishusha. Ukiilegeza yote kabisa inaviringika kama nguo za kufua.

Asha wa Mawimbi

Naona wote mnazungumzia za upande mmoja. Sisi wa spinaka ya pande mbili na upondo hatuna haki humu? 😂

Mzee wa Jarari

Karibu binti. Una kazi kuliko wote.

Asha wa Mawimbi

Najua mzee wangu. Nimefika kwenye utaratibu ufuatao baada ya kuumia sana, mwenye bora aniambie.

Upondo nausimamisha kwanza kabla ya tanga, umekazwa pande tatu, kamba ya kuunyanyua, ya kuuvuta chini na gai ya kuuvuta nyuma, usisogee hata uukanyage. Upondo unaocheza ukiwa peke yako ni rungu. Tanga nalifunga kwa mipira myembamba ile ya kukatika, kila baada ya hatua moja, likiwa ndani ya kabini kavu. Nikipandisha linapanda kama kamba nene, halifunguki. Narudi kokpiti, nakaa, nakunywa maji, naangalia kama halijajisokota, kingo nimezishona utepe mwekundu upande wa kushoto na kijani wa kulia kwa hiyo naona kwa jicho moja. Ndo navuta demani, mipira inakatika kuanzia chini tak tak tak linafunguka. Kwa hiyo kufunguka ni mimi ndo nimeamua, sio upepo.

Kukisi nimeacha. Kuhamisha upondo peke yangu kwenye mawimbi nimejaribu nikagundua nina mikono miwili tu. Nashusha, nahamisha upondo kwa amani, napandisha tena upande wa pili. Dakika ishirini. Wenye mashindano watanicheka wacha wacheke.

Bin Kana

Hakuna wa kukucheka dada. Wale wa mashindano ya Mini Transat tangu 1977 wanavuka Atlantiki peke yao kwa vyombo vya mita 6.5 na spinaka, na hata wao kuna usiku wanaamua hapana.

Nanga Nyepesi

Swali la kizushi, mwisho wa demani mnafunga fundo au hamfungi? Kwenye matanga mengine yote nilifundishwa funga fundo kamba isichomoke kwenye kapi.

Tezi Njema

Spinaka USIFUNGE. Siku mambo yakiharibika unataka kamba ichomoke iende zake. Nilifunga, chombo kikalala ubavu, nikaachia demani ikakimbia mpaka kwenye kapi fundo likakwama hapo, tanga likajaa tena nusu, chombo kikabaki kimelala bumu iko majini. Kilichonisaidia ni kuachia ile kamba inayovuta bumu chini, bumu ikapanda tanga kuu likamwaga upepo, chombo kikainuka. Mpaka leo nikiona fundo mwisho wa demani ya spinaka mkono unawasha.

Kapi la Juu

Ndo hivo. Fundo weka kwenye jarari tu, na hiyo ndo ya mwisho kuachiwa siku zote.

Gubeti

Jambo moja hamjaligusa mnaongea kamba tu. Ukidondoka. Otopailoti haina habari na wewe, inaendelea kukipeleka chombo noti 7 na spinaka imejaa raha mustarehe, na wewe unakiangalia kinaondoka. Wenye wenzao wanageuzwa, wewe hugeuzwi. Mi kamba ya usalama nafunga nikiwa bado ndani ya kokpiti, kwenye ile kamba iliyotandazwa sitahani omo mpaka tezi, na ni FUPI, isinifikishe ukingoni. Ndefu ya kukuburuta pembeni ya chombo majini haina maana, utakunywa maji yote.

Mzee wa Jarari

Nasisitiza hilo.

Na kijana, upepo. Wewe una kiwango chako ulichojiwekea? Maana umesema uliona maji meusi ndipo ukaenda. Mtu peke yake akiona maji meusi tanga linatakiwa liwe limekwisha kuingia mfukoni. Mimi nashusha noti 12 za upepo halisi, nikiwa na mwenzangu 16. Kutoka 10 kwenda 14 ni noti nne tu kwa masikio lakini nguvu inakaribia mara mbili. Wako wanaokwenda nayo mpaka 20, waache, hao wamefanya mara mia. Wewe fanya mara ishirini kwenye noti 6 kwanza. Na siku unajiuliza "nishushe au nisubiri kidogo" mkono uwe tayari uko kwenye kamba.

Mwanamaji Mvivu

Au usipandishe kabisa, tanga la mbele la kawaida ulitandaze kwa upondo upande mmoja, tanga kuu upande wa pili, unakwenda na upepo kama ndege aliyefungua mabawa. Upepo ukizidi unaviringisha kidogo kutoka kokpiti basi. Noti mbili pungufu ila unalala.

Asha wa Mawimbi

Huyu jina lake linamfaa.

Demani Mkononi

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadae. Tanga limeshonwa. Sijaitupa soksi ila jana nilitoka bila hiyo, noti 6 mpaka 8, nikajaribu sanduku la barua mara nne mfululizo, napandisha nashusha napandisha nashusha, yeyote aliyekua ananiona kwa mbali atakua ameshindwa kunielewa.

Ya kwanza niliachia jarari mapema kama Kapi alivonionya, robo ya tanga ikaogelea, nikafanya alivosema Tezi Njema nikabakiza pembe moja ikatoka. Ya pili kamba ya pembe ya mbele ilikwama kwenye klachi, kile kibanio cha kamba, mana nilikua nimeikunja vibaya, nikajifunza niitandaze kwanza kabla ya yote, haitakiwi ipite chini ya kitu chochote hata buti. Ya tatu na ya nne zilikwenda. Ya nne nilihesabu, kutoka kuachia ya mbele mpaka kichwa cha tanga kuingia mlangoni sekunde 50, na nilikalia tanga kweli, mzee nilicheka mwenyewe nimekalia furushi baridi linatiririsha maji mpaka kwenye godoro.

Na tanga kuu kulibakiza juu, jamani. Ukigeuza chombo mpaka 160 ile spinaka inasinyaa polepole bila hata kuguswa. Nilikaa dakika nzima naiangalia tu.

Kilichobaki ni kimoja, ile kamba nyembamba ya kuvutia, nikiwa na mwendo inapigapiga kwenye bumu na mara moja ilinaswa kwenye ncha ya nyuma ya bumu. Mnaifungaje?

Kapi la Juu

Uzi wa kushonea nguo. Ifunge kwenye bumu katikati kwa uzi mmoja tu, ukivuta unakatika. Halafu godoro ulianike.